Mdogo Wangu Si Gogo

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Wakili alikuwa ameshawasha jiko, amebandika uji na kuanza kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote nyumbani kwao: kumwamsha Babu.

Babu hakuwa mzee. Alikuwa mtoto wa miaka mitano aliyerithi jina la babu yake mzaa baba, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kulitaja ovyo jina la marehemu, wote walimwita Babu. Aliyelifurahia jambo hilo zaidi ni bibi yake.

"Mume wangu ameamka?" angeuliza kutoka chumbani kwake.

"Mume wako anakoroma, Bibi. Dai talaka yako mapema."

Jina la Wakili nalo lilikuwa la utani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito, lakini hakuna jambo lililopita mbele yake bila kubishaniwa. Hata akitumwa chumvi dukani, alitaka kwanza kujua ile ya jana imekwenda wapi. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa mkono ukiwa kiunoni.

Asubuhi hiyo alimkalisha Babu mkekani, akamnawisha uso, akamwekea uji mweupe usio na kitu ila sukari kidogo. Babu alikunywa vijiko vichache, akalisukuma bakuli. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mdogo kuliko watoto wa rika lake, nywele zake zilikuwa nyepesi na zimepauka, na akitembea alichoka upesi kama mzee kweli. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Baba alikuwa mbali, kwenye kambi ya watengeneza barabara. Basi Wakili akamweka mdogo wake mgongoni, mkoba akauning'iniza shingoni, wakashika njia ya shule.

Darasa la chekechea lilikuwa pembeni ya uwanja uleule wa shule ya msingi. Mchana, Wakili alipokwenda kumchukua Babu, alimkuta mwalimu wa chekechea amesimama mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, sauti yake imekauka kwa kuimba na watoto waliozidi madawati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja. Mwambie mama aje. Huyu mdogo wako amenishinda."

"Amefanya nini?"

"Hafanyi kitu, hilo ndilo tatizo. Wenzake wanaimba, yeye amelala. Wenzake wanahesabu, yeye anautazama ukuta. Muhula ukiisha tutachagua wa kuingia darasa la kwanza. Naona bora mama amkalishe nyumbani kwa sasa. Kila mtoto na kichwa chake. Cha huyu ni kizito."

Wakili alichungulia ndani. Babu alikuwa kwenye benchi la nyuma kabisa, shavu lake limelala juu ya meza. Kando yake walikaa watoto wengine wawili, nao wametulia tuli kama wageni waliosahauliwa sebuleni.

"Gogo, umefuatwa," kisichana kimoja kikamwambia Babu, na darasa zima likacheka.

"Nani kakufundisha jina hilo?" Wakili aliuliza.

"Ndilo jina lake," kisichana kikajibu bila ubaya wowote, kama mtu anayeulizwa jina la paka.

Wakili alihisi joto likimpanda hadi masikioni. Alimgeukia mwalimu.

"Samahani, Mwalimu. Mdogo wangu si gogo, wala kichwa chake si kizito. Mimi sikubali."

"Hukubali nini, mwanangu? Mimi ndiye ninayeshinda naye."

"Na mimi ndiye ninayembeba. Gogo haliwi jepesi namna hii."

Alimpakata Babu, akamweka mgongoni, akaondoka.

Nyumbani, Bibi aliposikia habari hizo hakushtuka hata kidogo. "Babu yake pia alichelewa kusema," alisema huku akichambua mchele. "Alipoanza, watu walimwomba anyamaze. Mwache mume wangu. Mtoto huja na sahani yake."

"Sahani amekuja nayo, Bibi. Mimi nauliza juu yake tumeweka nini."

"Wakili," Mama alimwonya. Alikuwa amerudi sasa hivi, anapaka mafuta mikononi, maana sabuni ilikuwa imeichana ngozi yake. "Mwalimu amesoma. Akisema mtoto hawezi, sisi tutasema nini?"

"Tutasema hatukubali. Mama, hebu mvute hapa chini ya jicho uone. Tumefundishwa darasani: pakiwa peupe, damu ni pungufu. Pake ni peupe kama karatasi."

Mama hakutaka kutazama. Kisha akatazama. Akamshika Babu kidevu, akamgeuza kuelekea mwangani, akatazama tena. Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akawapeleka wote wawili zahanati.

Zahanati ilikuwa nyumba fupi iliyopakwa chokaa, yenye benchi refu nje. Nesi aliyewapokea alikuwa kijana mrefu aliyelazimika kuinama kila alipopita mlangoni. Alimzungushia Babu utepe wa rangi kwenye mkono, juu ya kiwiko, akausoma. Ulionyesha rangi ya njano, yaani mkono ulikuwa mwembamba kuliko inavyotakiwa. Akamtoboa kidole kupima damu. Babu alilia kidogo tu, kisha akaacha, kama vile hata kulia kunamchosha.

"Mama, mtoto huyu ana njaa," Nesi alisema.

Uso wa Mama ulibadilika. "Mwanangu hajalala na njaa hata siku moja. Uji anakunywa, wali anakula. Sisi si matajiri, lakini chungu chetu hakilali kifudifudi."

"Sikukutukana, mama yangu. Tumbo lake limejaa, ila mwili wake una njaa. Hivi ukimwajiri fundi akujengee nyumba, halafu kila siku ukampelekea mchanga mtupu, bila saruji, bila mbao, atafanya nini?"

"Atakaa chini."

"Basi fundi wa mtoto huyu amekaa chini. Uji mtupu ni mchanga. Unajaza, lakini haujengi. Na miaka hii ya mwanzo ndipo ubongo unapojengwa haraka kuliko wakati mwingine wowote."

Wakili hakuweza kunyamaza zaidi. "Kwa hiyo si mjinga?"

"Mjinga sijamwona hapa," alisema Nesi. "Nimemwona mtoto mwenye damu pungufu, na huenda ana minyoo pia. Mwenye damu pungufu husinzia. Anayesinzia hasikii, na asiyesikia hajifunzi."

Alimpa Babu dawa ya minyoo, kisha akamkabidhi Mama mfuko wenye pakiti ndogondogo za unga wa virutubisho. Ndani yake, alieleza, mna madini ya chuma, vitamini na vitu vingine ambavyo uji mtupu hauna. Mama achanganye pakiti moja kwa siku kwenye chakula cha Babu mwenyewe, kikishapoa, naye akimalize chote. Moja, si mbili. Zaidi ya hapo ale maharage, karanga, mboga za majani, tunda, na yai likipatikana, kwa sababu unga ule ulikuwa msaidizi wa chakula na si chakula chenyewe.

"Na msingoje miujiza," alimalizia. "Itachukua wiki nyingi. Wala siahidi kwamba atakuwa wa kwanza darasani. Naahidi kwamba akipewa nafasi, ataanza kuamka."

Bibi aliipokea habari hiyo kwa kununa. "Mume wangu mnamlisha vumbi? Majirani watasema tumeshindwa kumlea."

"Majirani waseme, Bibi," alisema Wakili. "Wakimaliza kusema, Babu atakuwa ameshakula."

Kwa kuwa Mama aliondoka mapema, kazi ya kuchanganya unga ilimwangukia Wakili. Aliifanya kwa bidii. Tatizo ni kwamba alikuwa amesikia kila neno la Nesi isipokuwa lile la wiki nyingi. Kila asubuhi alimwinulia Babu vidole na kumuuliza, "Hivi vingapi?" Babu alivitazama, akamtazama dada yake, akaendelea kunywa uji. Shuleni bado aliitwa Gogo. Muhula ulikuwa unayoyoma, na mwalimu hangengoja.

Ikiwa pakiti moja inasaidia, Wakili alijiambia asubuhi moja, basi tatu zitasaidia mara tatu. Hoja hiyo aliiona nzuri, na jikoni hapakuwa na mtu wa kuipinga. Akazipasua pakiti tatu, akazimimina zote, akakoroga. Babu alikunja uso, lakini alikuwa mtoto mtiifu, akanywa mpaka mwisho.

Kabla ya mchana mwalimu alimwita Wakili kutoka darasani. Babu alikuwa ametapika juu ya meza. Amejikunja, ameshika tumbo, midomo imemkauka. Wakili alimbeba mbio hadi nyumbani, na njiani Babu akatapika tena begani kwake.

"Niliwaambia," Bibi alisema alipomwona. Alimlaza mjukuu wake, akamfuta uso, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu na kuuchukua mfuko wa pakiti. "Vumbi hili naenda kulitupa chooni. Mwenye kutaka anifuate huko."

Mama, aliyekuwa ameitwa kazini na jirani, aliingia akihema. Alimgusa Babu paji la uso, akautazama mfuko mikononi mwa Bibi. "Basi, mama," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Tutaacha. Tulijaribu."

Wakili alikuwa amesimama mlangoni. Ulimi ule ambao haukuwa na siku ya mapumziko ulikuwa umelala. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemuuliza. Unga ungepata lawama zote, ungetupwa, na mambo yangeishia hapo. Babu naye angerudi kwenye uji mtupu, kwenye benchi la nyuma, kwenye jina lile. Maisha yake yote Wakili alikuwa ametetea watu wasio na kosa. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupata mteja mwenye kosa kweli, na mteja huyo alikuwa yeye mwenyewe.

"Bibi, usitupe," alisema. "Unga hauna kosa. Mwenye kosa ni mimi. Leo nimemwekea pakiti tatu."

Mama alimtazama kwa muda ambao Wakili aliuona mrefu kuliko kipigo.

"Vaa viatu," Mama alisema mwishowe. "Utamwambia Nesi kwa mdomo wako huohuo."

Nesi hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Wakili zaidi. Alimpima Babu, akamchanganyia dawa ya kurudisha maji mwilini, akamwambia Mama amnyweshe kidogokidogo. Walikaa pale hadi kutapika kulipokoma na Babu akaomba maji mwenyewe. Hapo ndipo Nesi alipomgeukia Wakili.

"Madini ya chuma yakizidi, kwa mtoto mdogo ni sumu. Ungempa zaidi ya hapo, huenda sasa tungekuwa tunazungumza mengine. Unanielewa?"

"Nakuelewa." Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta.

"Lakini ungenyamaza, mimi ningehangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo, na bibi yako angetupa msaada uliopo. Umesema kweli ilipokuuma. Hilo nimeliona." Nesi aliinama hadi nyuso zao zikalingana. "Endelea kubishana na wanaomwita mjinga. Hao bishana nao mpaka wachoke. Kipimo usibishane nacho. Kuanzia sasa unga utachanganywa na mama, na mfuko ukae juu, mbali na mikono ya watoto."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe una kazi kubwa zaidi. Zungumza naye. Mwonyeshe vitu, mtajie, mwache akujibu, hata akichelewa. Ubongo wa mtoto hulishwa kwa mdomo na kwa masikio."

Babu alipopata nafuu na Nesi kutoa ruhusa, walianza upya, pakiti moja kwa siku. Mama alianza kuchelewa kidogo kutoka asubuhi ili achanganye mwenyewe. Bibi, huku akilalamika, alianza kusaga karanga na kuzitia kwenye uji. "Si kwa ajili ya huyo nesi wenu," alisema. "Mume wangu anapenda karanga." Wakili naye alianza kuongea. Aliongea njia nzima, Babu akiwa mgongoni: huyu ni fundi baiskeli, lile ni gurudumu, gurudumu ni duara, sufuria ya Bibi nayo ni duara, tumbo la mwenye duka pia ni duara, ila hilo usimwambie.

Wiki zilipita bila dalili. Wakili alikasirika, akalia mara moja nyuma ya nyumba, akafuta machozi, akaendelea kuongea.

Ndipo asubuhi moja, walipofika kwa fundi baiskeli, Babu alimpiga begani.

"Nishushe."

"Umechoka kubebwa?"

"Nataka kutembea." Akatembea hadi shuleni, mwendo wa kinyonga lakini kwa miguu yake. Na alipoanza, hakukoma. Siku zilizofuata alitaka kujua kwa nini mbwa wa mwenye duka anachechemea, kwa nini mvuke unapanda badala ya kushuka, kwa nini Bibi hana meno ya mbele. Bibi alimwambia Mama kwamba mume wake alikuwa mtulivu mpaka walipomwambukiza ugonjwa wa dada yake.

Hata hivyo, shuleni Babu alikuwa bado kwenye benchi la nyuma. Safari hii Mama alikwenda mwenyewe, mikono yake bado inanuka sabuni. Wakili alikuwa nyuma yake, ameamriwa asifungue mdomo.

"Mwalimu, uliniita nije nimchukue mwanangu," Mama alisema. "Sikuja kumchukua. Nesi wa zahanati amemkuta na damu pungufu, na sasa anatibiwa. Nimekuja kuomba akae mbele."

"Mbele pamejaa, mama. Unaona mwenyewe."

"Naona. Basi nitaleta kigoda."

"Mama yangu, sitaki ujipe matumaini bure."

"Matumaini ni yangu, Mwalimu, hayatakusumbua. Kigoda kitakuja kesho."

Wakili alimtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kesho yake alikibeba kigoda kichwani hadi darasani, akakiweka mbele kabisa, karibu na ubao, na Babu akakikalia.

Mwishoni mwa muhula, siku ya kuchagua, Wakili aliomba ruhusa kwa mwalimu wake, akaja kusimama dirishani. Zamu ya Babu ilipofika, aliambiwa ahesabu hadi kumi. Alihesabu kwa sauti ndogo, akairuka saba. Mwalimu alipumua, akaichukua picha kubwa aliyoitumia kila mwaka, picha ya mti wenye ndege.

"Babu, ndege wangapi?"

Babu aliitazama kwa muda mrefu. Darasa lilianza kunong'ona. "Wanne," alisema.

Watoto walicheka. Kila mmoja alijua kwamba ni watatu.

"Hesabu tena, taratibu."

"Wanne."

"Ni watatu, Babu. Tazama: mmoja, wawili, watatu."

Babu alitikisa kichwa. Kule dirishani Wakili alijiuma mdomo mpaka ukamuuma. Mdogo wake alishuka kutoka kwenye kigoda, akaisogelea picha, akanyoosha kidole hadi kwenye matawi ya juu. Nyuma ya jani moja palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya njano, kama ncha ya penseli.

"Huyu kajificha," alisema. "Mdomo wake huu."

Mwalimu alivaa miwani. Akaisogeza picha karibu na pua, akaisogeza mbali, kisha akaishusha magotini.

"Nimefundisha kwa picha hii tangu nilipoajiriwa," alisema polepole, "na huyu ndege sikuwahi kumwona."

Babu hakuwa wa kwanza siku ile. Kulikuwa na watoto waliohesabu hadi hamsini bila kumeza mate. Lakini majina ya watakaoingia darasa la kwanza yaliposomwa, la kwake lilikuwemo. Mwalimu alimfuata Wakili nje kumpa mkono wa pongezi. Wakili aliupokea, lakini hakuondoka.

"Mwalimu, na wale wawili waliobaki nyuma?"

Mwalimu aligeuka kuwatazama kupitia dirishani. Mmoja alikuwa amelala. Mwingine alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, nywele zake nyepesi na zimepauka, mikono yake myembamba imelala mapajani. Aliwatazama hivyo kwa muda, kama alivyoitazama ile picha.

"Huyo nesi wako," alisema, "anapatikana siku gani?"

Kwenye mkutano wa wazazi wa muhula uliofuata, Nesi aliinama, akapita mlangoni, akakaa mbele na tepe zake za rangi. Aliyesimama kuzungumza kwanza ni mwalimu.

"Wazazi wenzangu, nitasema jambo linalonihusu. Nimekuwa nikiwaambia wengi wenu kwamba mtoto wenu ana kichwa kizito. Sikuwahi kuuliza mtoto huyo amekula nini, kama damu inamtosha, kama kuna mtu anayezungumza naye nyumbani. Nilimlaumu mtoto kwa njaa yake. Sisemi kwamba pakiti ya unga inamfanya kila mtoto kuwa mwerevu. Wako watakaohitaji msaada wa namna nyingine, nao wana haki ya kupimwa na kusaidiwa. Ila nawaomba jambo moja. Mtu yeyote akiwaambia kwamba mtoto wenu hafai, hata nikiwa mimi, msikubali. Mpelekeni akapimwe. Mkipewa dawa, fuateni kipimo chake. Mkikosea, semeni upesi, msione haya, maana kosa lililosemwa hutibika. Mtoto anayesinzia msimwite mvivu wala mjinga, tafuteni kwanza kinachomsinzisha."

Kisha mama mmoja aliyekaa karibu na ukuta alisimama, akamshika mkono mwanawe, akapita naye katikati ya watu wote bila kutazama kushoto wala kulia, akamsimamisha mbele ya Nesi.

"Anza na huyu wangu," alisema.